VPN Yagoma Kwenye Faiawoli: Soma Dalili Kabla ya Kufuta Programu

Chukua kampuni ya ugomboaji mizigo pale Shimanzi, Mombasa. Faiawoli yao, kifaa kinacholinda mlango wa mtandao wa ofisi, ni ya mtengenezaji mmoja, mhasibu ana Mac, kijana wa nyaraka ana Windows, na anayewatunzia mtandao anatumia Linux. Programu rasmi ya VPN (njia iliyosimbwa ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mbali) ya yule mtengenezaji imewekwa kwenye kompyuta moja tu. Waliobaki wanatumia ile iliyokuja na mfumo wenyewe, au strongSwan, au OpenConnect, au Shrew Soft iliyosalia tangu enzi za Windows 7. Si kosa. Faiawoli haijali jina la programu. Inachojali ni kama pande mbili zimeafikiana itifaki (taratibu za mawasiliano), poti (nambari za milango ya mtandao), usimbaji (kufunga data isisomwe na wengine) na utambulisho.

Ikigoma, watu hukimbilia kufuta programu na kuiweka upya. Mara nyingi huko ni kupoteza mchana. Cha kuuliza ni hiki: pakiti (kipande cha data kilichotumwa) imefia wapi? Imefia nyumbani kabla ya kutoka, njiani, mlangoni pa faiawoli, au ndani baada ya kupokewa? Kila mahali pana dalili zake, na ukizisoma vizuri huhitaji kugusa mipangilio kumi ili kurekebisha mmoja.

Kwanza badilisha njia. Kama uko kwenye fiba ya nyumbani au Wi-Fi ya hoteli, zima, washa hotspoti ya simu, jaribu tena. Ikikubali kwa bando, mipangilio yako ni mizima na tatizo ni ule mtandao wa kwanza. Ikigoma kote kuwili, tazama programu au faiawoli. Na tafadhali, usijaribu ukiwa umekaa ofisini kwenye Wi-Fi ya ofisi hiyo hiyo. Faiawoli nyingi hazipokei VPN inayotoka ndani ikizunguka kurudi kwenye anwani yao ya nje, na utahangaika na tatizo ambalo halipo.

Inasubiri, inasubiri, kisha inakata

Windows itakupa kosa nambari 809. strongSwan itaandika kwamba imetuma tena na tena, kisha "giving up after 5 retransmits". Maana yake hakuna aliyejibu. Hapa neno la siri halijaangaliwa kabisa, kwa hiyo usilibadilishe.

IPsec, familia ya itifaki ambayo VPN nyingi za ofisi hutumia, huanza kwenye UDP 500 (UDP na TCP ni namna mbili za kusafirisha pakiti). Ikigundua kuna ruta inayobadilisha anwani katikati, huhamia UDP 4500, utaratibu uitwao NAT-T. Data yenyewe husafiri kwa ESP, ambayo ni itifaki nambari 50 na haina poti. L2TP, aina ya zamani ya VPN inayopita ndani ya IPsec, huongeza UDP 1701 ndani yake. OpenVPN kwa kawaida hutumia UDP 1194, WireGuard UDP 51820, na VPN za mtindo wa SSL (usimbaji wa aina ile ile ya tovuti) hupita TCP 443. Mitandao ya wageni hotelini na kwenye mikahawa mara nyingi huruhusu 443 na 80 peke yake. IPsec itakufa hapo kimya kimya huku Facebook ikifunguka bila shida, na mteja atakuapia kwamba "mtandao uko sawa".

Hapa kuna mtego. Watu hufungua telnet kwenye poti 500, wakikosa jibu husema poti imefungwa. Telnet ni TCP. IKE, mazungumzo ya kuafikiana ambayo IPsec huanza nayo, ni UDP. Jaribio hilo halisemi lolote. Hata Test-NetConnection ya Windows hupima poti za TCP tu. Njia ya uhakika ni kumwomba msimamizi wa faiawoli atazame pakiti zinazofika. Kwenye FortiGate, faiawoli ya Fortinet, ni mstari mmoja:

diagnose sniffer packet any 'udp port 500 or udp port 4500' 4

Wakati yeye anatazama, wewe unabonyeza kuunganisha. Kusipofika kitu, tatizo ni njiani au upande wako. Zikifika za 500, faiawoli ikazijibu, na zisifike za 4500, huenda kuna kifaa katikati kinachozizuia. Zikifika na faiawoli isijibu, huenda haina handaki (njia ya VPN iliyopangwa) linalolingana na ulichoomba, na hilo ni la msimamizi.

Kuna sura nyingine ya dalili hii ambayo huwapotosha hata wazoefu: mazungumzo ya mwanzo yanakwenda na kurudi, kisha hatua ya uthibitisho inakwama. Kama mnatumia IKEv2 (toleo la pili la IKE) na vyeti (hati za kidijitali za utambulisho), shuku ukubwa wa pakiti. Ujumbe wa uthibitisho ukibeba mnyororo wa vyeti huzidi baiti 1500, unakatwa vipande, na ruta nyingi hutupa vipande vya UDP. Dawa ni kuwasha ukataji wa IKE wenyewe pande zote mbili, utaratibu uliowekwa na RFC 7383 (RFC ni hati za viwango vya intaneti) mwaka 2014. Shrew Soft haitakusaidia hapa. Toleo lake la mwisho, 2.2.2, ni la 2013 na linajua IKEv1 peke yake.

Kwa wanaotumia L2TP ya Windows na faiawoli yao iko nyuma ya ruta ya mtoa huduma: Windows hukataa hali hiyo isipoelezwa. Kwenye rejista, chini ya HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\PolicyAgent, ongeza thamani ya DWORD iitwayo AssumeUDPEncapsulationContextOnSendRule, ipe 2, kisha washa upya kompyuta.

Mmoja akiingia, mwingine anatolewa

Mume na mke, au vijana wawili waliopanga nyumba moja Kisauni, wanafanya kazi kampuni moja. Wa kwanza akiunganisha anafurahi. Wa pili akiunganisha, wa kwanza anaanguka. Hiyo ni ESP isiyo na poti. Ruta ya nyumbani inapokea jibu la ofisi na haina alama ya kuitambua kompyuta ya nani. Lazimisha NAT-T ili kila kitu kipite UDP 4500, zima kile kipengele cha "IPsec passthrough" kwenye ruta, na kama bado mko kwenye L2TP, hamieni IKEv2 ambayo humpa kila mmoja anwani yake ya ndani.

Inakataliwa papo hapo

Hii ndiyo dalili ninayoipenda, maana faiawoli imejibu. Njia ni nzima. Imebaki kusoma imesema nini.

NO_PROPOSAL_CHOSEN, au kosa 13868 kwenye Windows, ni kutoafikiana kwa usimbaji. Programu imependekeza seti zake, faiawoli imeangalia orodha yake, hakuna hata moja iliyolingana. Programu rasmi huletewa mipangilio na faiawoli yenyewe, ndiyo maana mwenye nayo haoni shida. Wewe wa programu ya nje lazima uandike kila kitu kwa mkono: toleo la IKE, aina ya usimbaji, aina ya heshi (alama ya kuhakiki data), kundi la Diffie-Hellman (hesabu ambayo pande mbili hutengenezea ufunguo wa siri), muda wa ufunguo. Kimoja kikiwa tofauti, yote yameharibika.

Mkosaji mkubwa ni kundi la Diffie-Hellman. IKEv2 ya Windows, ukiiacha ilivyo, hupendekeza kundi la 2, la biti 1024. Faiawoli iliyowekwa na mtu makini hutaka kundi la 14, la biti 2048, kwenda juu. Fungua PowerShell kama msimamizi, badilisha jina "Ofisi" liwe la muunganisho wako, uandike yote kwenye mstari mmoja:

Set-VpnConnectionIPsecConfiguration -ConnectionName "Ofisi" -AuthenticationTransformConstants SHA256128 -CipherTransformConstants AES256 -EncryptionMethod AES256 -IntegrityCheckMethod SHA256 -DHGroup Group14 -PfsGroup PFS2048

Thamani hizi zifuate za faiawoli yenu, si zangu. Wapo wasimamizi watakaokuambia ni rahisi zaidi kushusha faiawoli hadi kundi la 2 ili laptopu moja ipite. Kataa. Utafiti wa Logjam wa mwaka 2015 ulishaonyesha udhaifu wa biti 1024, na RFC 8247 ya 2017 inashauri kundi hilo lisitumike. Mlango wa kampuni nzima haushushwi kwa ajili ya laptopu ya mtu mmoja.

Ufunguo wa pamoja (neno la siri lililoandikwa pande zote mbili) ukikosewa kwenye IKEv1, usitarajie logi (kumbukumbu za matukio) ikwambie "ufunguo si sahihi". Faiawoli inajaribu kufumbua ujumbe kwa ufunguo tofauti, inapata uchafu, na inaandika kwamba pakiti imeharibika umbo. Mtu akisoma hivyo anaanza kulaumu intaneti. Ukiona malalamiko ya umbo la pakiti kwenye hatua ya kwanza (pande mbili kuthibitishana; ya pili ni kuafikiana data ipi ipite), andika ufunguo upya kwa mkono. Ukiunakili kutoka WhatsApp, nafasi tupu mwishoni hubebwa pamoja nao.

Pia kuna utambulisho. Faiawoli yenye mahandaki kadhaa ya wafanyakazi wa mbali huchagua handaki kwa kitambulisho ambacho programu imetuma. Programu nyingi za nje hutuma anwani ya IP ya laptopu, na faiawoli inangoja neno kama "nyaraka". Tafuta sehemu ya kitambulisho cha upande wako, weka neno lile lile, herufi kubwa na ndogo zikiwa vile vile.

Hatua ya kwanza ikipita na ya pili ikikataliwa kwa TS_UNACCEPTABLE, au INVALID_ID_INFORMATION kwenye IKEv1, mmeshindwa kuafikiana mitandao ipi ipite. Wewe umeomba kila kitu, 0.0.0.0/0, na faiawoli inataka kuruhusu 192.168.10.0/24, safu ya anwani za ofisi, peke yake. Andika kilicho upande wa faiawoli.

Jina na neno la siri ni sahihi, lakini inakataa

Kosa 691 kwenye Windows. Angalia kwanza saa ya kompyuta: betri ya ubao ikifa saa hurudi nyuma, vyeti huonekana havijaanza kutumika, na tarakimu za uthibitisho zinazobadilika kila sekunde 30, kama zinatolewa na kompyuta hiyo hiyo, hazilingani tena. Hilo ni la dakika moja.

Kosa 13801 ni cheti. Windows inataka jina uliloandika kwenye sehemu ya seva liwe ndilo lililomo kwenye cheti. Ukiandika nambari za IP na cheti kikawa na jina, inakataa, na ina haki. Andika jina. Kama cheti kimetengenezwa na faiawoli yenyewe, omba cheti cha mtoaji na ukiweke kwenye hifadhi ya vyeti vinavyoaminika ya kompyuta, si ya mtumiaji. Kuzima ukaguzi wa cheti ni kumkaribisha yeyote aliye kwenye Wi-Fi ya mkahawa ajifanye ofisi yako.

Halafu kuna ukuta ambao mipangilio haiuvuki. Kampuni nyingi zimehamisha uthibitisho kwenda ukurasa wa kivinjari, wa Microsoft au Google, na programu ya nje isiyoweza kufungua ukurasa huo itaishia hapo. OpenConnect, iliyoanza kama mbadala wa AnyConnect ya Cisco, siku hizi hufahamu GlobalProtect ya Palo Alto kwa --protocol=gp na Fortinet kwa --protocol=fortinet, na mara nyingi hupita. Lakini faiawoli ikiwa inakagua pia hali ya laptopu, kama ina kinga ya virusi na kama diski imefungwa, mambo hubadilika. Mitandaoni utapata hati ndogo zinazojibu "ndiyo" kwa kila swali la ukaguzi huo. Zinafanya kazi. Vilevile ni kumdanganya mwajiri, na siku laptopu hiyo ikiingiza kirusi ndani, jina kwenye logi ni lako. Omba programu rasmi, au ruhusa ya maandishi.

Imeunganishwa, lakini hakuna kinachofunguka

Simu nyingi zinazoingia kwangu ni za namna hii. "Fundi, hii yaniambia imeunganishwa, lakini faili sizioni." Maskini amekwisha kuzima na kuwasha mara kadhaa. Handaki limesimama, pakiti inafia ndani, au haijaingia handakini kabisa.

Muulize kwanza anwani ya nyumbani kwake. Ruta nyingi za nyumbani hugawa 192.168.1.0/24 au 192.168.100.0/24. Kama ofisi nayo imekaa kwenye 192.168.1.0/24, laptopu inaitafuta seva 192.168.1.10 humo humo sebuleni, inakuta televisheni au haikuti kitu. Andika route print uone njia mbili zinazogombania safu moja. Dawa ya haraka ni kubadilisha safu ya ruta ya nyumbani, sema 192.168.87.0/24. Dawa ya kweli ni ofisi kuhama kutoka kwenye anwani ambazo kila ruta duniani huja nazo. Najua hakuna anayetaka kubadilisha anwani za printa na kamera zote, lakini mtabadilisha siku moja.

Kama safu hazigongani, piga ping (amri ya kuuliza kama kifaa kinajibu) kwa anwani ya seva, si jina. Anwani ikijibu na jina lisijibu, DNS ya ofisi, inayogeuza majina kuwa anwani, haikuletwa na handaki. Programu za nje nyingi hazipokei mpangilio huo wenyewe. Iandike kwa mkono. Anwani isipojibu kabisa, msimamizi aangalie mambo mawili: kama kuna sheria inayoruhusu pakiti kutoka kwenye handaki kwenda mtandao wa ndani, na kama seva inajua njia ya kurudisha jibu kwa anwani za VPN. Njia ya kurudi husahaulika mno.

Sasa ile inayowatoa watu jasho. Karani wa nyaraka yuko nyumbani Bamburi. Ping inajibu. Folda ya pamoja inafunguka, majina ya faili yanaonekana. Anabonyeza manifesti ya PDF, dirisha linaganda. Mfumo wa mizigo kwenye kivinjari unaonyesha ukurasa wa kuingia, ukishaingia unabaki mweupe. Vitu vidogo vinapita, vikubwa havipiti. Hiyo ni MTU, ukubwa wa juu wa pakiti ambayo njia inaweza kubeba.

Ethaneti hubeba baiti 1500 kwa pakiti. Laini ya PPPoE, namna ya kuunganisha ya baadhi ya watoa huduma, huchukua 8, zinabaki 1492. Handaki nalo linataka nafasi ya vichwa vyake na vya usimbaji. Ni kreti ya embe unayolazimika kuitia ndani ya kreti nyingine ya ukubwa ule ule. Kwa kawaida ruta ya katikati hurudisha ujumbe wa ICMP kusema pakiti ni kubwa mno, kompyuta ipunguze. Lakini wasimamizi wengi wamezuia ICMP yote kwenye faiawoli wakidhani ndio usalama, kwa hiyo ujumbe haurudi na kompyuta inaendelea kutuma kitu kisichopita.

Pima, handaki likiwa limesimama, kuelekea seva ya ndani:

ping -f -l 1472 192.168.10.5

Kwenye Mac ni ping -D -s 1472. Ikikataa au ikinyamaza, shuka: 1400, 1380, 1352, hadi ijibu. Tuseme 1352 imejibu na inayofuata juu yake haijibu. Ongeza 28 za vichwa vya IP na ICMP, unapata 1380. Hiyo ndiyo MTU ya njia yako. Kwenye Windows:

netsh interface ipv4 set subinterface "Ofisi" mtu=1380 store=persistent

Manifesti itafunguka papo hapo. Hata hivyo kuzungukia laptopu moja moja ni kazi ya kujitakia. Msimamizi aweke kikomo cha TCP MSS (data inayobebwa ndani ya pakiti moja) kwenye faiawoli, 1340 kwa mfano huu, yaani 1380 toa 40 za vichwa vya IP na TCP, na wote wapone kwa pamoja. WireGuard huanza na 1420 na mara nyingi hutosha; kwenye laini za simu wakati mwingine hushushwa zaidi.

Inakatika, tena kwa saa

Muda wa kukatika ndio jibu lenyewe, kwa hiyo uandike.

Ikikatika baada ya dakika chache za ukimya, ruta imefuta rekodi ya UDP kwa kuwa hakuna kilichopita. Washa ujumbe wa kuiweka hai: sekunde 20 kwenye IPsec, PersistentKeepalive = 25 kwenye WireGuard.

Ikikatika baada ya muda wa karibu saa moja, kila mara, ni kubadilishana funguo za hatua ya pili, ambazo mara nyingi hupewa sekunde 3600. Hapa IKEv2 ina hila yake. Funguo za kwanza za hatua ya pili huzaliwa pamoja na uthibitisho, bila kutumia kundi la PFS (Diffie-Hellman inayorudiwa kwa funguo za hatua ya pili). Kwa hiyo PFS ikiwa haikulingana, muunganisho unasimama vizuri kabisa asubuhi, na unaanguka pale tu funguo zinapotakiwa upya. Mtumiaji ataapa kwamba "mipangilio ni sawa, mbona iliingia?" Linganisha kundi la PFS pande zote.

Ikikatika baada ya saa nane, ambazo ni sekunde 28800, ni hatua ya kwanza, na mara nyingi faiawoli inaomba tarakimu za uthibitisho upya na programu yako haina dirisha la kuzipokea. Aghalabu ni mwisho wa siku ya kazi, unganisha tena uendelee.

Ikikatika kila unapotoka Wi-Fi kwenda data ya simu, washa MOBIKE, inayohamisha handaki kwenda anwani mpya bila kulikata, kama mko IKEv2.

Jana ilikuwa inafanya kazi

Usiguse mipangilio. Uliza nini kimesasishwa usiku. Januari 2022 sasisho la Windows, KB5009543 kwenye Windows 10, lilivunja miunganisho ya L2TP na IPsec, na Microsoft ikatoa marekebisho ya dharura tarehe 17 mwezi huo huo. Aliyebadilisha mipangilio katikati alijiongezea tatizo la pili. Apple iliondoa PPTP, aina nyingine ya zamani ya VPN, mwaka 2016, na Android 12 haikuruhusu tena kutengeneza wasifu mpya wa PPTP wala L2TP, kwa hiyo simu mpya inaweza kukosa kabisa kile ambacho ya zamani ilikuwa nacho. Upande wa pili, FortiOS 7.6.3, mfumo wa faiawoli za Fortinet, iliondoa handaki la SSL VPN. Msimamizi akiboresha faiawoli bila kuwaambia watu, wote wa poti 443 wanabaki nje hadi wahamie IPsec. Na tazama tarehe ya mwisho ya cheti.

Ofisi yako ndiyo inayozuia

Mkaguzi amekuja ofisini kwenu, anataka kuingia kwao kwa OpenVPN, amebadilisha poti kuwa TCP 443 na bado hapiti. Faiawoli ya kisasa haisomi poti tu. OpenVPN hata kwenye 443 haianzi kama tovuti inavyoanza, na udhibiti wa programu huitambua mara moja. Kama mnafungua na kukagua usimbaji wa tovuti, VPN za SSL nazo zitakataa cheti chenu cha katikati. Mpe ruhusa kwa anwani yake ya kwenda, kwa siku alizopo, kisha uifute.

Ukimwandikia msimamizi

Usitume picha ya skrini yenye neno "imeshindikana". Tuma jina na toleo la programu, toleo la mfumo, anwani yako ya IP ya nje wakati huo, ulikuwa fiba au bando, mistari ya logi kuanzia ulipobonyeza, na saa. Saa uiandike kwa tarakimu na ukanda wake. Ukimwambia mtu wa makao makuu yaliyo nje kwamba iligoma "saa nne", atafungua logi za 04:00, na faiawoli nyingi huandika kwa UTC, nyuma yetu kwa saa tatu. Andika 10:12 EAT, 07:12 UTC. Atakupata kwenye logi mara moja.